Ofa ya kwanza: duveti moja, irudi jioni

Karibu kila biashara mpya inayofunguliwa Nakuru siku hizi huanza na bango lilelile: ofa ya ufunguzi, asilimia 20 chini. Liko kwa kinyozi wa Section 58, liko kwenye duka la vifaa vya simu karibu na steji, liko kwa dada anayesuka nywele Free Area, na liko kwenye kihoteli cha chipsi ambacho rangi yake bado haijakauka. Mimi huwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu, kwa hiyo huona kinachofuata baada ya mabango hayo, na kinaniuma. Mtu amepokea zamu yake ya chama, amelipa diposti na kodi ya nyumba, amechukua leseni ya kaunti, kisha siku ya kwanza anakata faida yake mwenyewe kabla hajajua kama kuna mtu hata mmoja aliyekuwa anakataa kuja kwa sababu ya bei.

Mgeni asipoingia dukani mwako, bei si jambo la kwanza la kushuku. Mara nyingi anaogopa kitu, na kitu hicho kinajulikana katika kila kazi. Kwa kinyozi ni wembe uliotumika kwa mwingine. Kwa fundi wa simu ni kubadilishiwa betri nzima kwa mbovu. Kwa msusi ni kuambiwa utasukwa kwa muda wa saa tatu halafu ukasukwa kwa muda wa saa nane. Ofa ya kwanza, kwa maoni yangu, kazi yake ni kuijibu hofu hiyo moja kwa maneno ambayo mwenye biashara ana uwezo wa kuyatimiza. Punguzo la asilimia 20 haliijibu. Anayeogopa wembe hatatulia kwa kuambiwa kwamba wembe huo umeshuka bei.

Mdogo wangu amefungua dobi ya mashine Kiamunyi, na ameifungua mwezi wa saba, baridi ikiwa imekolea. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Julai jua likitoka hutoka kwa haya, na duveti iliyofuliwa kwa mkono inaweza kukaa kwenye kamba siku tatu ikinuka unyevu. Ana mashine moja ya kufulia, draya moja, tangi la maji na kijana mmoja wa kumsaidia. Mshindani wake mkubwa ni mama fua. Mama fua huja hadi nyumbani, hufua mbele ya macho ya mwenye nguo, hujua shati lipi linatoa rangi, na ploti nzima inamjua. Usimdharau mtu kama huyo. Ukishindana naye kwa kupunguza bei, yeye atapunguza zaidi, na nyote wawili mtalala njaa.

Mdogo wangu alipotaja asilimia 20, nilimwomba tukaulize kwanza. Tukasimama jioni kwenye geti la ploti za jirani, watu wakitoka kazini, baada ya kumsalimia soja na kuomba ruhusa kwa keateka. Hatukumuuliza mtu kama angependa huduma yetu, kwa sababu Mkenya mwenye adabu atakujibu ndiyo ili usisononeke. Tuliuliza mambo ambayo tayari huyafanya: "Dada, duveti yako huifua wapi? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilikauka kwa siku ngapi?" Maswali ya namna hiyo humfanya mtu akumbuke badala ya kukisia, na ukweli huanza kutoka.

Mama mmoja alisema yeye hungoja likizo ya Desemba, jua likiwa kali, ndipo afue zote kwa mpigo. Kijana mmoja wa kazi za ofisi alisema shuka zake ziliwahi kupelekwa kwa dobi wa mtaa mwingine zikarudi za mtu mwingine. Kisha akaja dada mmoja, mkoba begani na mtoto mkononi, akasema jambo ambalo tulilisikia tena kwa wengine wengi kwa maneno tofauti: "Nikikupa hii duveti, usiku nitalalia nini?" Nyumba nyingi zina duveti moja kwa kitanda. Kuitoa asubuhi bila kujua itarudi lini ni kuhatarisha usingizi wa mtoto katikati ya baridi ya Julai. Bei hakuitaja mtu mpaka tulipoitaja sisi, na tulipoitaja, shilingi 400, wengi waliitikia tu.

Bango likaandikwa hivi: "Duveti moja kwa kila nyumba. Tunaichukua mlangoni kabla ya saa tatu asubuhi, unaipata kavu kabla ya saa mbili usiku. Shilingi 400. Tukichelewa, hulipi. Mwisho 31 Agosti."

Kila sehemu ya maneno hayo ina kazi. Duveti moja, kwa sababu mtu humjaribu mgeni kwa kitu kimoja, si kwa kabati zima. Ndiyo sababu sabuni na mafuta ya kupikia ya kadogo huuzika sana mitaani kwetu: ukikosea umepoteza kidogo. Mlangoni, kwa sababu hakuna atakayebeba duveti kwenye matatu akienda kazini. Saa zimetajwa wazi, kwa kuwa neno "haraka" kila fundi nchini amelitumia na hakuna anayeliamini tena. Na kwa yule aliyewahi kurudishiwa shuka za wengine, kijana hushikiza kwa pini kitambaa chenye namba ya nyumba palepale mlangoni, mwenyewe akiona, kisha mteja anapiga picha ya duveti yake kwa simu yake mwenyewe. Hilo halina gharama yoyote.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hupita mbio. Kufua na kukausha duveti moja kunamgharimu mdogo wangu kama shilingi 200: maji na sabuni 40, stima ya mashine na draya 60, ujira wa kijana 50, boda 50. Kodi ya nyumba haimo humo. Kwa bei ya 400 anabaki na 200. Akipunguza asilimia 20, bei inakuwa 320, anabaki na 120. Watu husikia asilimia 20 wakadhani wamepoteza sehemu ya tano ya faida, kumbe hapo faida imepungua kwa asilimia 40, kwa kuwa gharama zile 200 hazikupungua hata senti. Ili apate 1,200 kwa bei kamili anahitaji duveti sita. Kwa bei ya ofa anahitaji kumi, yaani maji zaidi, stima zaidi, boda zaidi, na kijana anayechoka zaidi.

Mdogo wangu aliogopa neno "hulipi". Nilielewa hofu yake. Linatisha ukiliandika kwenye bango. Tukalipigia hesabu. Tuseme anafua duveti tano kwa siku na kila siku moja inachelewa, jambo ambalo lingekuwa uzembe mkubwa. Nne zilizolipwa zinampa 800, moja isiyolipwa inamtoa 200 za gharama, anabaki na 600. Zikiwa tano kwa punguzo la asilimia 20, anabaki na 120 mara tano, ambazo ni 600 zilezile. Kwa hiyo punguzo lile alilotaka kumpa kila mteja bila kuulizwa ni sawa na kushindwa kutimiza ahadi mara moja katika kila tano. Asipochelewa hata moja, anabaki na 1,000. Alipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi alitulia, akaenda mwenyewe kwa mchora mabango.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kabla ahadi ya namna hiyo haijatoka: uwezo. Draya yake ingeweza kukausha duveti nane kwa siku stima isipopotea. Tukaandika tano kwenye daftari, na anayekuja wa sita anapewa nafasi ya kesho. Stima hupotea Kiamunyi kama inavyopotea kwingine, na boda hupasuka gurudumu. Nafasi tatu zilizobaki ni za siku mbaya. Wapo watakaosema anapoteza pesa kwa kumwambia mteja angoje. Mimi naona mteja aliyeambiwa "kesho asubuhi" na kesho ikawa kweli amepata sababu ya kukuamini kabla hata hujagusa nguo yake.

Mambo haya hayakutoka kwenye semina. Mama mboga wetu huyajua bila kufundishwa. Ukinunua sukuma kwake jioni anaikatakata akiwa anakuuliza hali ya watoto, anakufungia, anatupia na kijitawi cha dhania. Sukuma haikushuka bei. Amekupa kazi ya mikono yake na akakuokolea muda jikoni, na kesho utampita yule wa supamaketi umrudie yeye. Tazama pia wauza mitumba wanapofungua bale asubuhi. Zile nguo za juu kabisa, zinazoitwa kamera, huwa na bei kubwa kuliko zitakazobaki mchana, na bado wanawake huamka mapema kuzipigania. Wa kwanza wanalipa zaidi kwa sababu wamepewa kitu ambacho wa mchana hatakipata: kuchagua kabla ya wengine. Nani aliyesema mteja wa kwanza lazima apewe bei ya kutupa?

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, lakini kwa biashara ambayo haijulikani hata na jirani wa ukuta siikubali. Chema hujiuza kikishajulikana. Kabla ya hapo lazima kitembezwe, na kutembezwa kwake ndiko huku kuuliza langoni na kuandika ahadi iliyo wazi. Ninachokikataa ni kutembeza huruma. Vijana wa soksi mjini hukuambia "nipromoti", na wengi wetu huwapa kwa moyo mwema. Ndugu na marafiki nao watakuja kukupromoti wiki ya kwanza, watalipa, watakusifu. Wapokee kwa shukrani, lakini usiwahesabu kama wateja, kwa kuwa hawakuwa na hofu ya kuiondoa. Mteja wa kwanza ni yule asiyejua mama yako ni nani.

Mfano mkubwa wa ofa ya kwanza ninaoujua umetoka hapahapa nyumbani. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Thika na Nairobi kwa ushirikiano wa Safaricom, Vodafone na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, na nia ya awali ilikuwa kumwezesha mkopaji mdogo kulipa mkopo wake kwa simu. Ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando na tangazo likabaki na kazi moja: tuma pesa nyumbani. Mwenye kukumbuka miaka ile anajua kwa nini lilishika. Kijana alifanya kazi Nairobi, mama yake akawa Siaya au Busia. Pesa zilipitia kwa kondakta wa basi, au kwenye bahasha ya mtu wa kijijini anayesafiri, au kwa posta, na aliyetuma alilala bila kujua kama zimefika. Huduma ile ilimpa ujumbe wa kuthibitisha papo hapo. Haikuwa bure, aliyetuma alilipa ada, na alilipa bila kunung'unika kwa sababu wasiwasi wa njiani ulikuwa umeondoka. Mfumo wenyewe ungeweza kufanya mengine mengi, na leo unayafanya, lakini ulibisha hodi kwa moja.

Ndiyo maana nikiona orodha ya huduma kumi na moja kwenye bango la biashara ya siku tatu nasikitika. Kufua, kupiga pasi, mazulia, viti vya sofa, viatu, mapazia. Msomaji wa bango akiwa kwenye boda ana sekunde chache, na humo hakuna hata kitu kimoja kilichoandikwa kwa ajili yake.

Kisumu ninaye rafiki mwenye cherehani karibu na soko la Kibuye. Anachotaka kushona ni vitenge, magauni ya harusi na suti za kina mama wa kanisa, kwa kuwa ndiko kwenye faida. Lakini nani atamkabidhi mgeni yadi sita za kitenge? Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, na kila mwanamke ana kisa cha fundi aliyeahidi Ijumaa gauni likatoka Jumatatu harusi ikiwa imepita. Rafiki yangu aliangalia Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika, akaona watu wakitoka sokoni na suruali za mitumba zilizo ndefu kupita kiasi. Akaweka benchi mbele ya cherehani na karatasi moja: suruali inapunguzwa ukiwa umekaa hapa. Bei ni ya kawaida ya mtaa. Mteja anaketi, anaona mkono wake, anaona pindo limenyooka, anaondoka na suruali yake dakika chache baadaye. Wengine kabla ya kuinuka huuliza, "Fundi, na kitenge unashona?" Pindo la suruali halimpi faida kubwa, na wala halihitaji kumpa. Linampa dakika chache za kuaminiwa.

Kuhusu kutoa vitu bure, nina msimamo mkali kidogo. Kuonja ni sawa. Anayeuza keki au yogati akatoe kijiko, mradi biashara ya chakula isitangulize ofa mbele ya vibali, maana yogati ya pakiti inahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na kibali cha Bodi ya Maziwa, na hakuna bango litakalokuokoa maafisa wakija. Lakini kazi ya mikono kama kufua, kushona au kusuka, usiitoe bure kwa mgeni. Anayepokea bure hakuambii ukweli kuhusu kazi yako, ataona haya kulalamika, na wewe utabaki hujui kama angetoa hata shilingi 50. Malipo ndiyo yanayokuambia.

Msimu nao ni nusu ya ofa. Duveti ziliingia kwa sababu ya baridi ya Julai. Bango lilelile mwezi wa kwanza, jua likiwaka na kila mzazi akihesabu karo za Njaanuari, lingesomwa na nani? Mwenye biashara Kisii, Nyamira au Vihiga anajua pesa ya mtaa inavyobadilika bonasi ya chai ikilipwa karibu na mwezi wa 10. Mjini, tarehe 28 na tarehe 15 ni watu wawili tofauti ndani ya mwili mmoja.

Kisha ni namna ya kulifikisha neno. Keateka na soja wa ploti ndio redio ya Kiamunyi. Wafulie blanketi zao kwanza, kwa bei ileile na ahadi ileile, wao watawaambia wengine. Kundi la WhatsApp la ploti hufaa ikiwa mpangaji mwenyewe ndiye anayeandika. Namba za simu ulizozipata kwa malipo ya M-Pesa si ruhusa ya kumwagia watu matangazo; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza, na hata pasingekuwa na sheria, ni adabu tu. Mdogo wangu huuliza anaporudisha duveti, na anayekubali anaandikwa kwenye daftari. Na ile tabia ya kuandika "ilikuwa 600 sasa 400" ilhali haijawahi kuwa 600 siku yoyote, iacheni. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na watu wa mtaani huligundua jambo hilo haraka kuliko ofisi yoyote.

Tarehe ya mwisho iliyo kwenye bango ni ya kweli pia. Tarehe 31 Agosti likishashushwa, halirudi kwa jina la "ofa imeongezwa kwa sababu ya mahitaji". Aliyewahi kabla ya tarehe hiyo aone kwamba kuwahi kwake kulikuwa na maana, na aliyechelewa ajue safari nyingine. Baada ya hapo duveti itaendelea kufuliwa kwa 400, ila boda atalipwa na mteja na saa ya kurudisha itakuwa siku inayofuata. Kwa kuwa bei haikuguswa tangu mwanzo, hakuna atakayehisi amepandishiwa. Hapo ndipo wenye asilimia 20 huumia: siku wanaporudisha bei ya kawaida, mteja huiona kama nyongeza, naye hana kosa.

Wateja wa duveti wameanza kuuliza kuhusu sare za shule, kwa kuwa muhula wa tatu uko karibu. Mdogo wangu ameshaanza kuwauliza wazazi jinsi wanavyofanya sasa. Tatizo tulilolikuta ni kwamba sare zote huvuliwa Ijumaa jioni na zote zinatakiwa Jumapili, na sweta za watoto watatu wa ploti moja hufanana kabisa. Draya ni moja. Kabla ya neno lolote kuandikwa, inabidi tujue ni nyumba ngapi anazoweza kuziahidi kwa wikendi moja, na sweta zitawekwa alama gani isiyotoka kwa maji ya moto.